Lampi za Nyumba ya Ngazi Tatu

Ninyi mnaobaki kwenye ile meza, mimi nimeondoka na miwani yangu, kikombe changu, na kitu kimoja kingine nitakachokitaja mwishoni. Mengine yote nimewaachia. Siku ya kuagana mliniomba nieleze jinsi kazi ilivyokuwa zamani, nami nikasema maneno manne nikakaa chini, kwa sababu mbele ya soda na keki ulimi wangu unakuwa mzito. Basi naandika. Mkichoka, fungeni daftari. Hata redio ina kifundo cha kuizima.

Siku hizi mnafungua simu zenye vipande vidogo kuliko chawa, na mnavirudisha mahali pake bila kupiga chafya. Mimi siwezi. Lakini meza mnayofanyia kazi ililelewa na lampi. Kwa waliozaliwa juzi: sisemi taa ya kuangaza nyumba. Nasema kichupa cha glasi kilichotolewa hewa, chenye nyaya na vibati vyembamba ndani, kitako cheusi chini, na miguu minane ya kuchomeka. Redio na vyombo vya muziki vya nyumbani viliishi kwa hizo kabla hamjawa na baba. Ulikuwa unawasha, halafu unangoja. Uzi wa ndani unaiva polepole kama kaa la jiko, kisha sauti inaanza kuja, kwanza kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, halafu mtu huyo yuko chumbani nawe. Nimeona watu waliojifunza subira kanisani na waliojifunza kwa redio. Wa redio walidumu zaidi.

Baba yangu alikuwa karani katika duka la Mgiriki mmoja hapa Bunia. Maduka ya wageni yalipochukuliwa na serikali, Mgiriki aliondoka na masanduku mawili, akamwachia baba redio yake kubwa ya mbao, ile yenye mahali pa kuchezea diski chini ya kifuniko. Iliwekwa sebuleni, na juu yake kitambaa alichofuma mama. Nyumba yetu ilikuwa na ngazi tatu za simenti mbele ya mlango. Nyumba nyingine za mtaa ule ziliingiwa moja kwa moja kutoka kwenye vumbi, kwa hiyo watu walituita wa ngazi tatu, na sisi tulitembea kama watu wenye ghorofa.

Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na minne. Mama alimfuata mwaka uliofuata. Tulibaki watatu: mimi Adèle, Claudine aliyekuwa na tisa, na Faustin aliyekuwa na miwili na alikuwa bado anauliza mama ataamka lini. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nilirudisha vitabu, nikamfunga mtoto mgongoni, na hapo ndipo shule yangu ilipoishia.

Wiki sita baada ya kumzika mama, redio ikanyamaza. Ninyi mtasema hilo lilikuwa jambo dogo kati ya makubwa. Lakini Faustin alizoea kula redio ikiimba. Iliponyamaza, alifunga mdomo. Siku ya tatu niliibeba redio kichwani, Claudine akambeba Faustin, tukaenda kwa Muzee Barnabé, fundi wa redio aliyekuwa na karakana nyuma ya soko kuu.

Alikuwa mtu mwembamba, mwenye masikio makubwa, kana kwamba Mungu alimuumba akijua kazi atakayofanya.

“Iko inaguna, ao imenyamaza kabisa?” aliniuliza.

“Imenyamaza kabisa, Muzee.”

“Nani amekutuma?”

“Hakuna mutu. Huyu mutoto hakule bila redio.”

Alimtazama Faustin. “Basi huyu njo mwenye redio. Weye uko mubebaji tu. Utanilipa nini?”

“Naweza kufagia.”

“Fagia basi,” alisema, akageuza redio na kuanza kufungua mgongo wake.

Jioni redio iliimba, Faustin akala. Kesho yake nilikuja kufagia. Muzee alikwenda kwenye mazishi ya jirani, akaniacha peke yangu. Ukutani kulikuwa na rafu, na kwenye rafu lampi zaidi ya mia moja zilizofunikwa na vumbi la miaka. Mimi nilikuwa msichana niliyelelewa na mama aliyesugua masufuria mpaka unajiona. Nikachota maji, nikatia sabuni ya unga, nikaziosha zote, moja moja, nikazianika juu ya gunia safi kwenye jua. Ziling'aa kama macho ya samaki. Nilikaa mlangoni kumngoja anisifu.

Mnajua nilichofanya. Na kama hamjui, shikeni lampi ya zamani mkaipanguse kwa kitambaa kibichi. Namba yake imepakwa juu ya glasi kwa rangi dhaifu kama poda. Ukiigusa kwa maji, imekwenda. Na bila namba, lampi ya kutoa sauti na lampi ya kushika mawimbi ni vichupa viwili tu. Si hilo tu. Kwenye kitako cha kila moja Muzee alikuwa amebandika kikaratasi chenye jina la nyumba ilikotoka. Vikaratasi vyote vilikuwa vinaelea kwenye beseni.

Muzee alirudi, akasimama mbele ya lile gunia. Hakunipiga. Hakupaza sauti.

“Adèle,” alisema, “umebatiza wote, na hata jina moja hukuwapatia.”

Kisha akavuta kigoda, akachukua lampi ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga. “Kaa. Tutawauliza moja moja, mpaka waseme.”

Ilituchukua miezi minane. Hiyo ndiyo shule yangu. Alinionyesha kuzitambua kwa mwili: urefu wa glasi, umbo la vibati, idadi ya nyuzi ukichungulia kutoka juu, mahali lilipo lile doa la kung'aa kama kioo ambalo watengenezaji walitia ili kula hewa iliyobaki. Doa likiwa linang'aa, lampi inapumua. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na hakuna mganga. Alinifunza kuigonga kwa penseli na kusikiliza. Baada ya miezi minane nilikuwa naweza kufumba macho, nikaipapasa lampi, nikaitaja. Ningekuwa nimeacha namba zao mahali pake siku ile, nisingejifunza hata nusu.

Na kuanzia siku ile Muzee aliacha vikaratasi. Alichonga alama ya nyumba kwenye kitako kwa ncha ya msumari: mlango, mgomba, msalaba, kuku. Alikuwa na kanuni: lampi ni ya nyumba, si ya mtu. Nilimuuliza kwa nini haandiki majina ya wateja. “Majina ya kizungu serikali ilikataza, ikabadilisha yote kwa siku moja,” alisema. “Mimi nilikuwa Barnabé, nikaambiwa niko mutu mwingine. Nyumba haikubadilisha.” Lampi ikitoka kwako, ikitengenezwa, inarudi kwako. Haiwekwi kwa jirani kwa sababu jirani ana haraka. Kwenye lampi zetu mbili za mwisho, zile zinazosukuma sauti kwenye spika, alichonga ngazi tatu ndogo. Faustin alipokua kidogo alikaa chini ya meza akichora ngazi hiyo kwa makaa kila mahali, hata kwenye ukuta wa choo.

Lampi hizo mbili Muzee aliziita mapasa, yaani mapacha. Moja inasukuma, nyingine inavuta, na zimezeeka pamoja. Usitoe moja ukaweka ngeni kando ya iliyobaki. Zitavutana vibaya na sauti itakwaruza. Na jambo la pili alilosema juu yake, nalisema hapa mlikumbuke huko mbele: lampi ya nyumba ni ya sauti ya nyumbani. Ukiipeleka kupiga kelele ya uwanjani, itakutii, halafu itakufa.

Nitaje pia mkono mmoja. Chombo cha lampi kina umeme mkali ndani hata baada ya kukichomoa ukutani. Unabaki umejificha kama nyoka kwenye kuni. Kwa hiyo fundi anagusa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto anautia mfukoni, umeme usipite kifuani. Sheria hiyo ilitungwa na wanaume. Kikwembe, kitenge ninachojifunga kiunoni, hakina mfuko. Muzee aliwaza, akasema, “Shika fundo la kikwembe nyuma.” Nimefanya kazi zaidi ya miaka arobaini mkono mmoja ukiwa mgongoni. Wateja wapya walidhani nina mkono mbovu. Wengine walifikiri ni maringo.

Kuhusu kukusanya. Lampi mpya zilikuwa haziji tena, kwa hiyo tulizitafuta kwa baiskeli: mashamba ya kahawa yaliyoachwa, nyumba za kampuni kwenye migodi ya dhahabu, vyumba vya nyuma vya misheni. Pale Bule tulikuta redio nzuri sana imekuwa kiota, kuku amelalia mayai kati ya lampi. Mwenyewe, mama mmoja mkali, alikubali kutupa redio lakini si kumwamsha kuku. Tulirudi baada ya siku kumi na sita. Lampi tano zilikuwa hai, na vifaranga tisa.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitataja moja. Mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba chombo chake cha muziki kinalia kama kengele ndogo kila mtu anapokanyaga sakafu ya mbao, hata ya barazani. Niligonga lampi zake kwa penseli, nikaipata moja iliyolegea ndani, nikaibadilisha. Baada ya wiki alirudi, amenuna.

“Dada Adèle, nirudishie ile lampi inalia.”

“Juu ya nini, Mwalimu? Si ulikuja kuishitaki?”

“Zamani nilikuwa najua muke wangu anafika mbele hajafungua mulango. Sasa ananikuta vile niko.”

Nilimrudishia. Fundi si hakimu.

Muzee Barnabé alikufa kwa uzee, kwenye kitanda chake, kabla vita havijaingia mjini, na namshukuru Mungu kwa hilo. Aliniachia karakana. Watu walikuwa tayari wananiita Mama Lampi, ingawa sikuzaa. Yalikuja maneno mawili matatu ya kuolewa, lakini kila aliyekuja alinitaka mimi bila Claudine na Faustin, na hiyo ilikuwa kama kununua redio ukaacha spika dukani. Claudine aliolewa, mimi nikabaki. Faustin alikua akawa mfanyabiashara wa samaki: anateremka Kasenyi, ziwani, kwa baiskeli, anapandisha vikapu kupitia Bogoro mpaka soko letu. Kwenye kila kikapu alichora ngazi tatu kwa makaa. Nilimwambia apate alama ya watu wazima. Akanijibu kama mdogo kwa dada mkubwa: “Yaya, hii njo jina langu.”

Halafu vita. Sitawasimulia vita, wenye kuvijua hawahitaji, na wengine hawatavielewa kwa maneno yangu. Nitasema ya kazi tu. Asubuhi moja, barabara ya Kasenyi ilipofungwa, Faustin alikuwa chini, ziwani. Siku chache baadaye risasi zilifika mtaani kwetu, na watu wakakimbilia uwanja wa parokia. Nilipita karakana. Mlango ulikuwa umevunjwa. Waporaji walichukua redio ndogo za wateja, chuma changu cha kulehemu, hata kigoda cha Muzee. Lampi walizimwaga uani. Nyingi hazikuwa na namba, waliziona ni balbu zilizoungua. Niliokota zilizo nzima, thelathini na kitu, nikazitia kwenye sufuria. Dhambi yangu ya kwanza kazini ndiyo iliyoziokoa.

Nyumbani nilichukua toroli, nikapakia redio ya baba. Yale mapasa mawili niliyachomoa na kuyatia kwenye soksi ya shule ya Faustin, ile ya zamani, nikaifunga kiunoni chini ya kikwembe. Njiani mwanamume mmoja mwenye godoro kichwani alinipita.

“Mama, wenzako wanabeba unga, weye unabeba redio! Utapika nyimbo?”

“Na weye utakula godoro?” nilimjibu. Tulicheka, wote wawili, tukakimbia.

Uwanjani tulikuwa maelfu. Claudine alikuwako na watoto wake, mumewe pia. Kila mtu alikuwa amepoteza mtu. Saa kumi kila siku katekista wa parokia, Papa Gratien, alisimama juu ya pipa akaita wanaotafutwa, mpaka siku ya nne sauti yake ikabaki pumzi tu. Kipaza sauti cha kanisa kilikuwa kimeibwa. Nilimtazama akifungua mdomo kama samaki, nikaitazama redio ya baba.

Nyuma ya redio zile kuna matundu mawili ya kuingizia sauti ya diski. Redio haiulizi kinachoingia kimetoka wapi. Chochote kidogo ukikipitisha hapo, kinatoka kikubwa. Kwenye sufuria, kati ya lampi, nilikuwa nimeokota pia mikro, kipaza sauti kidogo cha kusemea, ya mashine ya zamani ya kurekodi sauti, ndogo kama kiberiti. Niliunga nyaya kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa. Umeme uliletwa na mashine ya mafuta ya parokia, saa moja tu kwa siku, baada ya kuvuta maji. Lampi za spika nilizipapasa kutoka kwenye sufuria. Kati ya zile thelathini na kitu, nne zilikuwa za aina iliyofaa. Jozi mbili. Mapasa ya baba yalibaki kiunoni.

Ilisikika mpaka nje ya uzio. Watu walipanga foleni ya kuita. Lakini siku zile jina la mtu lilikuwa hatari: ukilitamka, kila msikilizaji anajua umetoka kilima gani, kabila gani, na wengine walisikiliza kwa ajili ya hilo tu. Papa Gratien aliogopa. Ndipo nikakumbuka kanuni ya Muzee. Nilimwambia, “Tusiite jina la ukoo. Tuite nyumba.”

Basi uwanja ule uliita nyumba. Antoinette wa nyumba yenye mlango wa bluu. Papa Jean wa nyumba ya kando ya kisima kilichokauka. Mama mmoja mzee alishika mikro kwa mikono miwili kama kikombe cha chai, akasema: “Weye Dieumerci wa nyumba ya miparachichi, uliniambia unaenda kukojoa, unarudia. Ile sombe ya majani ya muhogo nilikuwekea imeoza. Kuja basi, nitapika ingine.” Watu walicheka wakijifuta macho.

Mimi nilipanga foleni kama wengine. Kila ilipofika zamu yangu nilisema maneno yale yale: “Natafuta Faustin wa nyumba ya ngazi tatu, muuza samaki wa baiskeli. Yaya yako iko hapa. Claudine iko hapa.” Halafu nilirudi kushika kifundo cha sauti.

Lampi zilikuwa zinateseka. Ile mashine ya mafuta ilipandisha na kushusha umeme kama mlevi kwenye mlima, na sauti ilikuwa juu kuliko walivyowahi kuota waliozitengeneza. Jozi ya kwanza ilikufa baada ya wiki tatu. Ya pili haikufika mbili. Niliona vibati vya ndani vikiwa vyekundu, jambo ambalo halitakiwi kuonekana kamwe, kisha mlio kama wa kijiti kikavu, kisha maziwa kwenye kioo.

Nilitangaza kwamba chombo kimeharibika. Nilisema kweli, ila si yote. Mapasa ya baba yalikuwa yananigusa ubavu. Yalikuwa yamekaa nyumbani kwetu tangu Mgiriki, yalikuwa yamemlisha Faustin, na ndiyo pekee yaliyobaki ya aina ile katika mji huu kwa nijuavyo. Nikiyatia pale, nilijua yataishia wapi. Siku mbili saa kumi ilipita kimya. Watu walikuja, wakatazama redio, wakarudi kwenye maturubai yao.

Siku ya pili mwanamke mmoja kijana alinifuata. Hakuwa na hasira.

“Mama Lampi, jana ilikuwa zamu yangu.”

Alisema hivyo tu, akaondoka. Claudine alikuwa amekaa juu ya gunia, ananyonyesha. Alisikia.

“Yaya, zile za papa ziko wapi?”

“Ziko.”

“Basi?”

“Zile haziko za kupiga kelele uwanjani. Muzee alikataza.”

Claudine alimhamisha mtoto titi la pili, akanitazama. “Muzee alikufa, Yaya. Faustin, hatujui bado.”

Nilifungua soksi. Mkono wa kushoto nikaupeleka mgongoni, wa kulia ukachomeka moja, halafu ya pili. Saa kumi tuliwasha, tukangoja. Nawaambia kama fundi, si kama dada: sauti ile ilikuwa nyingine. Haikukwaruza. Watu waligeuka kana kwamba mtu ameingia. Yule mwanamke kijana aliita kwanza. Nilimpa zamu yangu pia.

Yalifanya kazi siku kumi na moja. Siku ya kumi, nilipomaliza kuita, mama mmoja alisukuma watu mpaka mezani. Alikuwa amefika asubuhi ile kutoka upande wa ziwa, kwa njia za kuzunguka, na mzigo wa chumvi mgongoni. Jina lake Mama Régine.

“Ngazi tatu,” alisema, “iko nyumba, ao iko alama?”

“Yote mbili. Umeiona wapi?”

“Mimi sijaona nyumba. Nimeona kikapu. Ichore.”

Niliinama, nikachora kwa kidole kwenye vumbi: ngazi moja, ya pili, ya tatu. Aliitazama bila kupepesa.

“Njo ile. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, pale boti zinafikia. Kijana mwenye masikio yametokea. Anapakia samaki za watu, na kila kikapu anachafua na makaa. Mwenye samaki anamutukana, yeye anachora tu.”

Claudine alikuwa ameanza kulia kwa sauti. Mimi nilikuwa nauliza maswali ya kijinga: amekonda? ana viatu? Mama Régine alijibu, “Mama, siye wote tumekonda.” Alikuwa anarudi ziwani wiki ile kutafuta watoto wa ndugu yake. Nilikata kipande cha kitambaa cha mama, kile cha juu ya redio, nikachora ngazi, nikaandika chini yake: *Tuko parokia. Ngazi ziko.* Alikitia kwenye fundo la kikwembe chake.

Kesho yake, ya kumi na moja, katikati ya maneno ya mzee mmoja, moja ya mapasa ilipasuka. Nilichomoa pacha wake. Alikuwa bado mzima wa glasi, lakini nilipompima hakuwa na nguvu hata ya kunong'ona. Nikawarudisha wote wawili kwenye soksi. Papa Gratien alikuwa amekwisha kupata sauti yake, akarudi juu ya pipa.

Faustin alifika baada ya miezi mitano. Tulikuwa tumerudi nyumbani. Mabati yalikuwa yameng'olewa, milango imekwenda, lakini ngazi hakuna aliyeweza kuzibeba. Alikuja mchana, kwa miguu, nikamwona akisimama chini ya ile ya kwanza, kipande cha kitambaa mkononi. Nilimlea tangu miaka miwili. Nilijua analia kabla hajalia. Alipanda, nikamshika, tukakaa hivyo. Kisha akaingia, akaona redio pale pale pa zamani, chini ya turubai letu.

“Yaya, redio ya papa inasema?”

“Haisemi tena,” nilimwambia. “Lampi zake zilienda kukuita.”

Nilimpa soksi yake. Alizitoa, akazigeuza, akapitisha kidole kwenye zile ngazi alizochonga Muzee kwa msumari. Akazirudisha kwenye soksi, akanipa niitunze. Nilimpikia, akala bila redio.

Baada ya hapo nilifungua karakana tena, kwa meza ile mliyonayo. Miaka ilipita. Lampi nilizitafuta tena, kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, kisha zikaja kwa mafurushi kutoka kwa watu wa mbali wanaozikusanya kama mihuri ya posta. Redio ya baba ilipata jozi nyingine. Faustin huja Jumapili na samaki, anakaa, anasikiliza, anasema sauti si ile. Namwambia ni kweli.

Lampi nilizookota uani, zilizo kwenye rafu, hazina namba. Mtaona, na mtataka kuziandika. Msiziandike. Kaeni kwenye kigoda, mziinue kwenye mwanga, mziulize moja moja. Mkono mmoja nyuma.

Sanduku lote la lampi na vifaa ni lenu. Soksi nimeenda nayo nyumbani.